Jiko la Gesi la Kuchomea: Lipi Litakalofaa Nyumba ya Kau?



Juma hili tunajibu swali la binti wa Kau aliyeolewa Mombasa. Yeye na ndugu zake wamekubaliana kuchanga fedha ili kabla ya Idi ya kuchinja wamnunulie mama yao, anayeishi Kau, jiko la gesi la kuchomea nyama na samaki, lile ambalo vijana huliita babikyu. Kaka mkubwa amekwisha kuliona dukani: lina magurudumu, vichomeo vitatu, kifuniko king'aacho na vibao viwili vya pembeni vya kuwekea sahani. Bei yake yakaribia kumaliza mchango wote. Binti ana shaka. Mama angali apikia kuni kila siku, asema. Je, jiko hilo litamfaa, au litakuwa pambo la baraza?

Tumelipenda swali hili kwa sababu limebeba maswali mawili. La kwanza ni la ununuzi: jiko gani la kuchomea lina bei ya wastani na ubora wa kutosha? La pili ni zito zaidi: nyumba ambayo mama yake angali avuta moshi asubuhi na jioni, yapaswa kuanza na nini? Tutayajibu yote mawili, na in shaa Allah jawabu la hili la pili litatusaidia kulipata lile la kwanza.

Jiko la siku ngapi?

Mtu anaponunua kitanda hujiuliza watalala wangapi. Anaponunua jiko la kuchomea, aghalabu hujiuliza wageni watasema nini, na hapo ndipo fedha hupotea. Hebu tuhesabu siku. Nyama ya udhia huchomwa kwa siku tatu au nne. Ongeza Idi ya mfunguo mosi, arusi moja au mbili, na zile siku ambazo watoto wote wamefika kutoka Mombasa, Malindi na Lamu. Pengine tutapata siku 15 kwa mwaka mzima. Siku 350 zilizosalia, mama hana haja ya kuchoma mbuzi. Ana haja ya kuchemsha chai, kupika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na ufikapo mwezi wa Ramadhani, kutayarisha futari na daku huku yeye mwenyewe amefunga.

Siku hizo 350 ndizo zenye moshi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilipikia kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, kwa maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo wengi. Mama akikohoa usiku twasema ni uzee. Macho yakimwasha twasema ni vumbi. Mara nyingi chanzo kiko jikoni, kati ya mafiga matatu.

Kwa hiyo twasema tangu mwanzo: kabla ya jiko la kuchomea, jiko la kupikia. Ikiwa nyumba haina gesi kabisa, shilingi ya kwanza ya mchango na iende kwenye mtungi na jiko la kila siku. Habari njema ni kwamba mahitaji haya mawili yaweza kutimizwa kwa chombo kimoja, kama tutakavyoeleza.

Hesabu ya gesi

Jiko hununuliwa mara moja, gesi hununuliwa maisha. Kwa hiyo usitazame bei ya jiko peke yake. Tafuta kibandiko chake, aghalabu nyuma au ubavuni, na usome nguvu ya moto iliyoandikwa kwa kilowati. Majiko mengine huandikwa kwa kipimo cha BTU kwa saa. Gawanya namba hiyo kwa 3,412 utapata kilowati.

Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa nishati ya takribani kilowati 13 kwa muda wa saa moja. Kutokana na hapo hesabu ni nyepesi. Jiko dogo la kilowati 4, likiwashwa kwa moto mkubwa, hula kama gramu 300 kwa saa, na mtungi wa kilo 6 utadumu takribani saa 20. Jiko la vichomeo vitatu lenye jumla ya kilowati 9 hula kama gramu 700 kwa saa, na mtungi ule ule utakwisha kwa saa 8 na nusu hivi. Tuchukue mfano kwamba kuujaza mtungi huo ni shilingi 1,500, yaani shilingi 250 kwa kilo. Jiko dogo litakula shilingi 75 kwa saa, na lile kubwa shilingi 175. Weka bei ya kwenu mahali pa mfano wetu, uwiano hautabadilika.

Wako watakaosema kuwa jiko kubwa huchoma nyama nyingi kwa mara moja, na ni kweli. Lakini kwa nyumba ya watu sita au wanane, mama mwenye wavu mdogo huchoma kwa zamu mbili, ya kwanza ikiliwa wakati ya pili yaiva. Wavu wenye upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 30 huchukua kuku mzima aliyepasuliwa na mishikaki kadhaa pembeni, au samaki watatu wa kadiri. Kwa shughuli ya watu 100, hata lile jiko la magurudumu halitatosha. Hapo watu watarudi kwenye makaa, kama ilivyo desturi.

Aina tatu za majiko

Madukani utakuta aina tatu ambazo mtu wa kipato cha kawaida aweza kuzifikiria.

Ya kwanza ni bamba au wavu wa kuchomea unaowekwa juu ya jiko la kawaida la gesi. Yako yaliyotengenezwa kwa chuma kizito cha kusubu, yenye mistari iliyoinuka, na yako mepesi yenye kijisahani cha maji pembezoni cha kupokea mafuta yanayodondoka. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na kwa samaki wa kupaka, mishikaki na vipande vya kuku hufanya kazi yake vizuri. Chagua la chuma kizito. Hushika joto na hudumu miaka mingi likipakwa mafuta kila baada ya kuoshwa na kukaushwa.

Lakini sikilizeni onyo hili, dada zangu. Wengi wetu tuna mtungi mdogo wa kilo 6 ambao kichomeo chake hufungwa juu ya mtungi wenyewe. Bamba pana likiwekwa juu ya kichomeo cha namna hiyo, hurudisha joto chini, kwenye vali na shingo ya mtungi. Kwa sufuria ya chai hakuna neno. Kwa bamba la kuchomea linalokaa motoni kwa saa nzima, ni hatari. Bamba liwekwe juu ya jiko la mezani ambalo mtungi wake uko mbali, umeunganishwa kwa mpira.

Aina ya pili ni jiko dogo hasa la kuchomea, lenye kichomeo kimoja au viwili, likiwa na miguu mifupi ya kukaa mezani. Vichomeo viwili vina faida ambayo kimoja hakina: waweza kuwasha upande mmoja kwa nguvu na kuuacha mwingine na moto mdogo au bila moto, ili nyama yenye mfupa iive polepole pasi na kuungua nje. Tazama kama juu ya vichomeo pana kibati kilichopinda kama paa au mawe maalumu ya kupokea mafuta. Mafuta yakidondokea moto moja kwa moja, ndimi za moto hupanda na nyama huwa nyeusi. Tazama pia trei ya mafuta: yafaa itoke kwa kuvutwa, na ioshwe kila mara, kwa kuwa mafuta yaliyoganda humo ndiyo chanzo cha moto usiotarajiwa.

Aina ya tatu ni lile la magurudumu alilolipenda kaka. Si jiko baya. Lafaa nyumba yenye ua wa sakafu, wageni wa mara kwa mara na fedha ya gesi isiyo na mashaka. Magurudumu yake yametengenezwa kwa sakafu. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto hayasogei. Na majiko ya aina hii yauzwayo kwa bei ya chini aghalabu hupunguziwa unene wa bati ili yaonekane makubwa kwa fedha kidogo. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Bonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikibonyea kama kopo la maziwa, liache.

Chumvi ya Kau

Kau ni mji wa kale kando ya mto Tana, juu kidogo ya Kipini ambako mto huingia baharini. Wenyeji wa huko na wa Ozi hawahitaji kufundishwa habari ya chumvi. Wameona maji ya bahari yakipanda mtoni wakati wa bamvua, hata kuingia mashambani na kuharibu mpunga na miembe. Upepo nao hubeba chumvi hiyo hiyo. Jiko litakalodumu miaka sita Nairobi laweza kutoboka huku kwa miaka miwili.

Basi nenda dukani na sumaku ndogo. Chuma kisichoshika kutu kina daraja zake. Kile cha daraja la 304 kwa kawaida hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Cha daraja la 430 huvutwa kwa nguvu, nacho hushindwa mapema mbele ya chumvi. Sehemu ya kupima kwanza si kifuniko kinachong'aa bali vichomeo, yaani zile bomba zenye matundu ambamo moto hutokea, kwa kuwa ndizo hutoboka kabla ya sehemu nyingine. Kama vichomeo ni vya daraja la chini, uliza vyauzwa peke yake kwa bei gani. Muuzaji asiyekuwa na vipuri anakuuzia jiko la muda. Mwili wa alumini iliyosubiwa ni mzuri kwa pwani, kwani haushiki kutu. Bati lililopakwa rangi nyeusi hudumu maadamu rangi haijakwaruzwa.

Baada ya kutumia, acha moto uwake dakika tano ili mabaki yaungue, zima, sugua wavu kwa brashi, upake mafuta ya kupikia kidogo, kisha lifunike jiko likishapoa. Kifuniko cha turubai ni cha bei ndogo, na huongeza umri wa jiko kuliko kingine chochote.

Mtungi, mpira na regyuleta

Usinunue mtungi Mombasa kabla hujauliza Kipini, Witu au Garsen. Tangu zilipotoka kanuni mpya za gesi za mwaka 2019, kampuni hailazimiki tena kupokea mtungi wa kampuni nyingine, na anayeruhusiwa kuujaza ni mwenye chapa au aliyepewa idhini naye. Ukimpelekea mama mtungi wa kampuni ambayo duka la karibu nawe haliuzi, umempelekea chuma kitupu. Mpigie simu mwenye duka anakonunua mama, umuulize ana mitungi ya kampuni zipi kila mwezi, kisha ununue ya kampuni hiyo. Bei ya gesi haipangwi na serikali kama ya petroli, hivyo uliza maduka mawili au matatu. Tangu tarehe 1 Julai 2023, gesi ya kupikia haitozwi tena kodi ya ongezeko la thamani.

Mtungi unapofika, upime. Kwenye shingo yake umepigwa chapa ya uzito wa mtungi mtupu. Mathalani ikiwa imeandikwa kilo 7.2, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome 13.2 kwenye mizani. Pungufu ya hapo, umeibiwa, au umejazwa uchochoroni. Ujazaji wa uchochoroni si dhuluma ya mizani tu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka katika mahali palipokuwa pakijaziwa bila idhini. Watu walikufa, na mamia wakajeruhiwa wakiwa majumbani mwao. Mtungi usio na lakiri, hata ukipunguziwa shilingi 200, haufai kuingia nyumbani.

Regyuleta, ile inayofungwa juu ya mtungi kupunguza presha, ilingane na jiko. Majiko ya nyumbani hutumia presha ndogo, iliyoandikwa kwa milibari kwenye kibandiko. Namba ya jiko na namba ya regyuleta zikubaliane. Regyuleta ya presha kubwa, kama zile za majiko ya mahoteli, isitumike. Hili lawahusu pia wenye ndugu Oman au Dubai watumao vyombo. Jiko lililotengenezwa kwa gesi asilia ya bombani lina tundu pana la kutolea gesi. Likiunganishwa na mtungi wetu, moto utaruka juu kuliko kadiri. Fundi alibadilishe kwanza, au lisiwashwe.

Mpira uwe wa gesi, si wa maji, na uwe na mwaka wa kutengenezwa uliochapwa juu yake. Ukipasuka ngozi au ukawa mgumu, hata kama ni wa jana, ubadilishe. Kila ubadilishapo mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote kabla ya kuwasha. Povu likifanya malengelenge, gesi yavuja. Funga vali na urudie kukaza. Usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Mahali pa kuliweka

Jiko la kuchomea ni la nje. Hili halina mjadala, hata mvua ikinyesha. Na nje yenyewe isiwe chini ya paa la makuti. Tunajua baraza nyingi za vijiji vyetu zina makuti yanayokaribia kichwa. Ndimi za mafuta zikipanda mara moja tu, nyumba yote imekwenda. Liweke jiko uani, mita mbili au tatu mbali na ukuta wa fito na makuti, juu ya meza imara au tofali zilizopangwa sawa. Mtungi ukae wima, pembeni, mbali kiasi cha urefu wa mpira, usikae chini ya jiko.

Fungua kifuniko kabla ya kuwasha. Gesi iliyokusanyika ndani ya kifuniko kilichofungwa hulipuka usoni. Ikiwa moto haukushika mara ya kwanza, zima, ngoja dakika tano, kisha ujaribu tena. Wakati wa kusi au kaskazi, uchunge upepo usizime moto kimyakimya huku gesi yaendelea kutoka.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni, ikajaa katika shimo au chumba cha chini. Ndiyo maana hutiwa harufu kali. Ukiinusa ndani ya nyumba, usiwashe wala usizime taa. Fungua milango, funga vali, watoe watoto.

Nasi wanawake tuna jambo letu la peke yetu: nguo. Mikono mipana ya buibui, ncha za mtandio na dera la kitambaa chepesi cha plastiki hushika moto upesi na kugandamana na ngozi. Unapochoma, funga leso ya pamba kifuani na kiunoni, na mtandio uupige nyuma. Mafuta yakiwaka kwenye trei, usimwagie maji. Funga gesi, funika, au mwaga mchanga, ambao kwetu hauna bei.

Tena tusisahau mafuriko. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yalifunika sehemu nyingi za delta ya Tana. Mtungi na uwekwe palipoinuka, vali ikiwa imefungwa, na ufungwe kamba usichukuliwe na maji. Regyuleta iliyozama kwenye maji ya matope haifai tena. Kununua mpya ni rahisi kuliko kutibu majeraha. Na mtungi usafirishwapo kwa mashua au pikipiki, usimame wima, vali imefungwa, bila regyuleta juu yake.

Je, ladha?

Wazee watasema samaki wa gesi hana ladha ya makaa ya vifuu. Wana haki ya kusema. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ile harufu tuipendayo hutoka kwenye mafuta na viungo vinavyodondokea kitu cha moto, na hilo jiko la gesi hulifanya pia. Siri ni kulipasha moto wavu kwa dakika kumi kabla ya kuweka chochote, na kukausha samaki kwa kitambaa asigandamane. Changu au tafi aliyepakwa ukwaju, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili aanze kwa moto wa kati. Tui zito la nazi lipakwe mwishoni, kwani likitangulia huungua. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hawahitaji zaidi ya dakika mbili au tatu kila upande. Anayetamani moshi kabisa, aweke kipande cha kifuu kikavu kwenye kibakuli cha bati pembeni ya wavu, chini ya kifuniko, kitafuka chenyewe.

Jawabu letu

Sasa tumjibu binti wetu na ndugu zake.

Ikiwa mama hana gesi kabisa, mnunulieni jiko la mezani la kupikia lenye vichomeo viwili, mtungi wa kampuni inayopatikana karibu naye, regyuleta na mpira mzuri, pamoja na bamba zito la chuma la kuchomea. Siku ya Idi atachoma nalo uani. Siku iliyofuata atachemshia chai moto ule ule. Kwa hakika hili ndilo jiko la kuchomea la bei nafuu kuliko yote, kwa sababu halitakaa bure hata siku moja. Fedha itakayosalia, msimpe mkononi ikamalizika kwa mambo mengine; mlipieni dukani ujazaji wa gesi wa miezi michache ya mwanzo. Nyumba nyingi zilizopewa jiko la gesi zimerudia kuni si kwa kutolipenda jiko, bali mtungi ulikwisha na hapakuwa na fedha ya pamoja ya kuujaza.

Ikiwa mama amekwisha kuwa na gesi ya kupikia, basi mnunulieni jiko dogo la kuchomea lenye vichomeo viwili, kilowati 4 hadi 5, wavu wa chuma kizito, vichomeo vilivyopita mtihani wa sumaku, na vipuri vinavyopatikana. Hakikisheni muuzaji ametoa risiti na dhamana ya maandishi.

Na ikiwa moyo wa kaka hautulii bila lile kubwa, iko njia. Nyumba tatu au nne za jamaa, au chama cha kina mama, na wanunue moja kwa pamoja, liwe la mtaa. Waandike mapema nani atalitunza, nani atalisafisha, na kwamba kila alitumiaye hujaza gesi aliyoila, kwa kupima mtungi kabla na baada. Vyombo vya shirika visipoandikiwa masharti huleta maneno kati ya majirani, na neno moja baya halilipwi na mishikaki mia.

Tunamwomba kaka asione haya kuzawadia kidogo. Mtu hujikuna ajipatapo, na dini yetu imetukataza israfu hata katika jambo la furaha. Wala msikope kwa riba ili kununua jiko la Idi. Nyama ya udhia ina haki ya maskini na jirani ndani yake. Haitapendeza ikiwa imechomwa juu ya chombo ambacho deni lake litamnyima mama usingizi hadi Idi nyingine.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la binti peke yake. Kabla hamjalipa hata shilingi, mpigie mama umuulize yeye ataka nini. Katika barua yako umetueleza aliyoyapenda kaka na unayoyashuku wewe. Ayapendayo mama hukuyataja. Huenda akawa na hofu ya gesi, kama walivyo wengi wa umri wake, na hofu hiyo haitoki kwa zawadi. Hutoka kwa mtu wa kukaa naye siku mbili tatu, akamwonyesha kufunga vali, kupima kwa povu na kuwasha, mpaka mkono wake uzoee. Mmoja wenu na apange kufika Kau siku chache kabla ya Idi kwa kazi hiyo.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutazungumzia namna ya kukausha na kuhifadhi maembe msimu unapokuwa na wingi. Wenye maswali na waendelee kutuletea.

Mola awape mama zetu afya, na atubariki katika vyakula vyetu na majumba yetu. Amin.